Mimea Itambaayo ya Kilombero: Kumtambua Mwenyeji na Mgeni

Bonde la Kilombero limo kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Wakati wa masika mto hufurika na kuenea uwandani. Mwaka 2002 eneo hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ukingoni mwa mto na pembezoni mwa msitu, penye unyevu, mwanga na miti ya kushikilia, mimea itambaayo hustawi upesi. Si yote iliyo adui, kwa hiyo yafaa itambuliwe kabla ya kung'olewa. Jenasi ya Thunbergia ni mfano mzuri.

Mwenyeji: Thunbergia alata ni mzaliwa wa Afrika Mashariki. Ua lake ni la rangi ya machungwa, manjano au nyeupe, na mara nyingi lina koo jeusi. Upana wake ni kama sentimita 3 hadi 4. Huota peke yake kwapani mwa jani, na tako lake hukumbatiwa na vijani viwili. Kikonyo cha jani kina mabawa membamba. Ndiyo maana ya neno alata.

Mgeni: Thunbergia grandiflora asili yake ni India na nchi jirani, nayo hupandwa bustanini kwa uzuri wake. Maua yake ya samawati, yenye upana wa sentimita 6 hadi 8, hushuka kwa vichala. Kikonyo hakina mabawa, na mizizi hunenepa kama viazi.

Huko Queensland, Australia, mgeni huyu ameifunika miti ya kando ya vijito hata ikakosa mwanga. Hahitaji mbegu ili aenee: kipande cha shina kikiangukia udongo wenye unyevu huota, na maji hukichukua mbali. Hivyo basi, matawi yaliyokatwa bustanini Ifakara na kutupwa mtoni yaweza kupelekwa na mafuriko hadi mahali pasipofikika kwa jembe. Yafaa yakaushwe na kuchomwa moto, na viazi vifukuliwe vyote.

Yafaa pia ieleweke kwamba alata, mwenyeji wa kwetu, huhesabiwa kuwa mvamizi huko Hawaii na Australia. Mmea huwa mvamizi kwa mahali ulipopelekwa, wala si kwa umbo la ua lake.