Umeumia, na Mechi ni Jumamosi

Ukiteguka mguu Jumatano na mechi ya vitivo ya mpira wa kikapu ni Jumamosi, kila utakayekutana naye, kuanzia wenzako wa darasani hadi majirani wa Manika, atakuuliza kama utacheza. Swali hilo halikusaidii kitu, kwa sababu mchezaji wa miaka ishirini na moja hujibu ndiyo hata kama anachechemea. Jiulize mambo mawili mengine: ni kitu gani hasa kimeumia, na kikitoneshwa Jumamosi, nani atalipa?

Nianze na malipo, maana hapo ndipo Kolwezi inapotofautiana na vyuo tunavyoviona kwenye televisheni. Mchezaji wa chuo kikubwa cha Marekani ana ufadhili wa masomo, na pembeni ya uwanja kuna daktari na mtaalamu wa tibaviungo. Wewe unayechezea Chuo Kikuu cha Kolwezi au mojawapo ya taasisi za juu za hapa mjini, karo yako mara nyingi hutoka mfukoni mwa papa, mama au yaya anayefanya kazi mgodini. Timu haina daktari. Ligamenti ya goti ikikatika, kipimo cha MRI na upasuaji vitaifanya familia iangalie Lubumbashi, kilomita 300 hivi kutoka hapa, au ivuke mpaka kwenda Zambia, au ifikirie Afrika Kusini. Kama mzazi wako ni mwajiriwa wa kampuni, muulize mapema, kabla hujaumia: je, matibabu ya kampuni yanamhusu mtoto aliye chuoni, na je, yanahusu majeraha ya michezo? Jibu lake ulijue kabla ya msimu kuanza.

Kuna pia kazi ya baadaye. Wengi wanaosomea uhandisi, jiolojia au kemia hapa Lualaba wanaziwazia kampuni za migodi kama KCC, TFM, Sicomines au Kamoa. Kampuni kubwa za migodi humpima mtu afya kabla ya kumwajiri, na goti linalolegea kwenye ngazi litaonekana siku hiyo. Mguu unaotaka kuuchezesha Jumamosi ndio utakaoupeleka kwenye kipimo hicho.

Migodi hiyo hiyo ina desturi moja ambayo ningependa kuiona kwenye viwanja vyetu. Mfanyakazi wa kampuni kubwa akiumia, harudi kazini kwa sababu amesema yuko sawa, wala kwa sababu mkuu wa zamu ana upungufu wa watu. Anarudi daktari akisema anafaa. Wazazi wetu wengi wanaijua kanuni hii vizuri, wengine wameiishi tangu enzi za Gécamines, lakini ikifika kwenye mpira wa kikapu tunaisahau na kumwachia uamuzi kocha mwenye wachezaji wanane, dakika kumi kabla ya mechi. Kubalianeni mwanzoni mwa msimu: mchezaji aliyeumia harudi mpaka apite vipimo vinavyojulikana, na kocha hana mamlaka ya kuvifuta. Hata mchezaji mwenyewe hana.

Sasa tuuangalie mguu. Kuteguka kifundo ndilo jeraha la kawaida kuliko yote katika mchezo huu, na kwenye viwanja vyetu vya saruji, na viatu vya mitumba vilivyokwisha soli, nafasi yake inazidi. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni rahisi ya kujua nani anahitaji radio, yaani picha ya eksirei, na nani hahitaji, na inafaa sana mahali ambapo kila picha inalipiwa. Je, unaweza kupiga hatua nne kwa mguu huo, hata kwa kuchechemea? Kisha bonyeza kwa kidole mifupa miwili inayojitokeza pande za kifundo, ukingo wa nyuma, kuanzia ncha ya chini kupanda sentimita 6. Bonyeza mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa mguu, upande wa kidole kidogo, na ule wa upande wa ndani unaoelekeana nao. Kama huwezi hatua nne, au mfupa wowote kati ya hiyo unauma sana ukiubonyeza, nenda ukapigwe radio, Mwangeji au hospitali nyingine iliyo karibu nawe. Mpaka hapo Jumamosi haipo tena.

Kama umepita, huenda ni ligamenti imevutika. Siku mbili za kwanza, pandisha mguu juu, funga bandeji ya kuvuta, na tumia baridi. Umeme ukikatika na friji ikalala, nunua maji ya mfuko yaliyoganda kwa muuzaji wa barabarani, yafunge kwa kitambaa, weka dakika 10 hadi 15, rudia mara kadhaa kwa siku. Hapa lazima niseme kuhusu kukandwa. Nyumbani watakuletea mzee anayejua mifupa, na kumkatalia mzee si jambo dogo. Mwambie kwa heshima: "Papa, naomba tungoje siku mbili kwanza, baada ya hapo utanisaidia." Maji ya moto na kuvutwa mguu katika saa 48 za kwanza huongeza damu na uvimbe ndani, na kama kuna mfupa uliopasuka, mkono mzuri wa mzee unaweza kuuhamisha.

Kuteguka kidogo hupona kwa wiki moja hadi mbili, kuteguka kwa kiwango cha kati wiki tatu hadi sita, kubaya huchukua miezi. Tatizo ni kwamba maumivu huondoka kabla ya ligamenti kuwa imara, na kifundo kilichoteguka mara moja hupenda kuteguka tena. Ndiyo maana mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, yale yanayoonekana ya kitoto, ni dawa kamili. Simama kwa mguu ulioumia unapopiga mswaki, kwanza macho wazi, kisha ukiyafumba. Panda kwenye vidole na kushuka taratibu. Ukirudi uwanjani, vaa kishikizo cha kifundo au ufungwe plasta kwa msimu mzima. Kwa mtu aliyewahi kuteguka, vinapunguza kurudiwa.

Goti ni habari nyingine, na hapa sitaki kulegeza kamba. Kama ulitua kutoka juu au ukageuka ghafla, ukasikia kitu kimelia "pa" ndani, goti likavimba ndani ya saa chache, kisha likawa linakuponyoka unapotembea, chukulia kwamba ligamenti ya katikati imekatika mpaka mtaalamu athibitishe vinginevyo. Mara nyingi hakuna hata mtu aliyekugusa. Wasichana hupata jeraha hili mara mbili au zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo uleule, kwa hiyo kocha wa timu ya wanawake anayeanza mazoezi bila kufundisha namna ya kutua, magoti yakiwa yamekunjwa na hayaangukii ndani, anaacha sehemu kubwa ya kazi yake. Ukicheza na goti la namna hii unahatarisha gegedu na meniskasi, vitu ambavyo mwili hauvitengenezi upya. Na ukifanyiwa upasuaji, usikubali kurudi kwenye mechi kabla ya miezi tisa, hata ukijisikia simba mwezi wa sita.

Kichwa kina kanuni fupi kuliko zote. Ukigongwa ukachanganyikiwa, ukaona ukungu, ukasahau matokeo au ukatapika, mechi imekwisha kwako siku hiyo, na hakuna wa kubishana nawe. Pumzika siku moja hadi mbili, rudi kwa hatua ndogo, na usicheze mchezo wa kugongana mpaka daktari aruhusu.

Kano ya nyuma ya kisigino nayo ina kipimo cha nyumbani. Lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mwenzako akuminye shavu la mguu. Mguu wenye afya utainama mbele. Usipotikisika, kano imekatika na unahitaji hospitali leo. Wanaodhani jeraha la shavu la mguu ni dogo wamkumbuke Kevin Durant. Mei 2019 aliumia shavu la mguu wa kulia, akakaa nje mwezi mzima. Juni 10, katika mchezo wa tano wa fainali ya NBA huko Toronto, akarudi. Alicheza dakika 12, akafunga pointi 11, kisha kano ya kisigino ikakatika, mguu uleule. Msimu wote uliofuata hakucheza. Yule alikuwa na madaktari ambao Lualaba nzima haiwezi kuwalipa, na bado uzito wa fainali ulikuwapo chumbani walipoamua.

Yapo maumivu unayoweza kucheza nayo, na ni vizuri kuyataja, maana mchezaji anayeambiwa "pumzika" kwa kila kitu huacha kusikiliza. Kidole kilichoteguka unaweza kukifunga na cha jirani yake ukaendelea, mradi unaweza kuinyoosha ncha yake mwenyewe; ncha ikibaki imeinama, kano imekatika na kidole kinataka kifungwe kwenye kijiti wiki sita hadi nane. Jeraha la kugongwa pajani linavumilika kama mwendo wako ni wa kawaida. Maumivu ya kano chini ya kilegesambwa, yanayowapata warukaji, yanaruhusiwa kama hayazidi 3 kwa 10 unapocheza na yanarudi palepale yalipokuwa ndani ya saa 24. Yakipanda wiki hadi wiki, punguza kuruka.

Lakini maumivu ya sehemu moja ndogo kwenye muundi au kwenye mguu, unayoweza kuyafunika kwa ncha ya kidole, yanayokuja mapema zaidi kila mazoezi na kukuamsha usiku, huenda ni ufa kwenye mfupa. Saruji huyaleta. Acha kuruka, kapime. Msichana anayeyapata huku hedhi yake imekatika miezi kadhaa amwambie mhudumu wa afya yote mawili pamoja, kwa sababu huenda mwili wake haupati chakula cha kutosha kwa mazoezi anayoufanyisha.

Kuhusu sindano na vidonge ninao msimamo mmoja. Ni rahisi kununua diklofenaki kwenye famasia, au mtu akakudunga kabla ya mechi. Dawa hiyo haiponyi ligamenti. Inazima sauti iliyokuwa inakuzuia kuiharibu. Ukimeza kila wiki inaweza kuumiza tumbo na figo, hasa kwenye joto na jasho. Sindano za jamii ya kotizoni hudhoofisha kano, na tangu 2022 zimepigwa marufuku siku ya mashindano na shirika la kimataifa la kupambana na dawa michezoni. Tramadoli imefuata tangu Januari 2024. Kama huwezi kucheza bila dawa, huchezi.

Ukifikiria kurudi, jipime siku mbili kabla ya mechi, kamwe si dakika kumi kabla. Uvimbe uwe umekwisha na kiungo kinakunjika sawa na cha upande wa pili. Hesabu mara ngapi unapanda kwenye vidole kwa mguu mmoja, linganisha na mwingine. Ruka mara tatu mfululizo kwa mguu mmoja, pima umbali kwa kamba: mguu ulioumia ufikishe angalau asilimia 90 ya mzima. Kimbia namba nane, telezesha miguu kama unalinda, simama ghafla, ruka ugombee mpira mtu akikusukuma. Kisha fanya mazoezi kamili mara mbili na timu, na asubuhi ya kila siku inayofuata uangalie uvimbe. Asubuhi za Juni na Julai hapa ni baridi, basi pasha mwili moto muda mrefu kabla ya kuruka chochote.

Mazungumzo na kocha yafanyike Alhamisi, ana kwa ana, kabla hajapanga kikosi. "Kocha, sijapita kipimo cha kuruka. Jumamosi nitakaa benchi na kuandika takwimu." Hivyo humwachi na pengo la ghafla, na unabaki ndani ya timu. Huku mguu ukipona, kaa kwenye kiti ufanye mazoezi ya kurusha, na fungua madaftari, maana mitihani haingoji. Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966, alikwenda Georgetown akitaka kuwa daktari na akahitimu 1991 katika isimu na diplomasia. Alicheza NBA misimu 18, mpaka Aprili 2009, akiwa na miaka 42, kano ya goti la kushoto ilipokatika katika mechi dhidi ya Portland na hakucheza tena. Hospitali aliyoifungua Kinshasa mwaka 2007 ilikuwa tayari inatibu watu siku hiyo.

Mechi ya kwanza ya kurudi, kubaliana na kocha dakika kumi na mtu wa benchi wa kuzihesabu, ili usiombwe "dakika mbili tu" matokeo yakikaribiana. Ukiamka Jumapili na kifundo kimevimba kuliko Ijumaa, Jumatatu fanya kurusha tu bila kuruka, na dakika za mechi inayofuata zisiongezwe.