Tumbo linanyonga, unaharisha: ufanyeje?

Wewe unayelala bweni unaijua hali hii. Saa nane usiku tumbo linanyonga, umeshakwenda chooni mara nne, na mwenzako wa kitanda cha juu anachomoa vidonge viwili vya Flagyl vilivyobaki tangu muhula uliopita. "Meza hivi, utapona." Je, umeze?

Usimeze. Flagyl hufaa kwa amiba na giadia. Lakini mara nyingi kuharisha kwa ghafla kunaletwa na virusi, au bakteria ambao dawa hiyo haiwagusi, na mwili wenyewe huwashinda baada ya siku chache. Vidonge viwili si dozi ya kitu chochote. Tena kumeza dawa ovyo namna hii ndiko kunakowapa vijidudu usugu.

Kinachoua hasa ni kupotea kwa maji na chumvi mwilini. Unakumbuka osmosisi? Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna vijilango ambamo sukari na chumvi hupita pamoja, na maji hufuata nyuma. Hata ukiharisha sana, kwa kawaida vijilango hivyo bado vinafanya kazi. Hapo ndipo ORS inapopita. Mwaka 1971 kipindupindu kiliwavamia wakimbizi kutoka Bangladesh waliokuwa Bangaon, India, na dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza wanyweshwe maji yenye chumvi na glukosi. Vifo vikashuka kutoka kama 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Kwa kunywa tu!

Pakiti ya ORS huwa ya lita 1 ya maji safi, lakini soma maelezo yake kwanza. Huna pakiti? Chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko, visiwe vya kilima. Chumvi ikizidi ni hatari. Kunywa glasi moja kila utokapo chooni. Ukitapika, pumzika dakika 10, kisha kunywa kwa vijiko. Endelea kula uji, wali au ndizi. Soda haifai, maana sukari yake nyingi huvuta maji kuyaingiza utumboni.

Na ugonjwa umetoka wapi? Maji yasiyochemshwa na mikono isiyonawa sabuni unavijua. Wengi hawakijui kiporo cha wali. Kwenye mchele kuna bakteria wanaojifungia ndani ya ganda gumu lisiloharibiwa na kuchemshwa. Wali ukilala nje usiku kucha wanazinduka, na sumu yao nyingine haiondoki hata ukiupasha moto mpaka uunguze ulimi.

Kuna maumivu ya kuogopa. Yakianzia kitovuni yakahamia chini upande wa kulia na kukaa hapohapo, huenda ni kidole tumbo. Hiyo ni kazi ya upasuaji, si ya vidonge. Kinyesi chenye damu, homa kali, kizunguzungu, au kukosa mkojo, vyote vinataka hospitali. Na kinyesi kikiwa kama maji ya kuoshea mchele, huenda ni kipindupindu, ambacho kinaweza kuua kwa saa chache. Mwamshe matroni usiku uleule, na njiani uendelee kunywa ORS.