Majani mekundu, picha zilizopauka

SWALI: Nimehamia kijiji kidogo cha Vermont, Marekani. Oktoba hii natembea na kamera kila jioni, lakini wekundu wa majani hupauka pichani. Kamera ni mbovu?

JIBU: Kamera ni nzima, ndugu yangu. Tatizo ni mng'ao: jani huakisi anga kama bati jipya, rangi ikafichika. Funga kichujio cha polaraizi, kizungushe hadi mng'ao upungue, jua likiwa ubavuni mwako. Marekebisho ya rangi ya otomatiki nayo yazime. Huudhania wekundu wa jioni kuwa kasoro. Badala yake, kwenye mpangilio huo wa rangi, chagua alama ya mawingu.

Siku ya manyunyu (mimi huipenda kuliko ya jua) usijifungie ndani. Magome yaliyolowa huwa meusi, rangi zikajitokeza. Beba mfuko wa nailoni wa kufunikia kamera.