Picha ya Rafiki Yako Si Mali Yako

Chukua mfano huu. Mwanamke amelazwa hospitalini. Rafiki yake wa tangu shuleni anaenda kumjulia hali, anampiga picha akiwa kitandani, kisha anaituma kwenye kundi la WhatsApp la kijijini: "Tumkumbuke kwa maombi." Nia ni njema. Kufikia jioni mwajiri ameiona. Mama mzazi, ambaye familia ilikuwa haijamwambia kwa sababu ana shinikizo la damu, ameonyeshwa na jirani. Wengine tayari wanabahatisha ugonjwa. Mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani, simu za rafiki huyo hazipokelewi tena.

Kosa lilikuwa wapi? Si kumwombea mgonjwa. Rafiki aliamua jambo ambalo mwenyewe tu ndiye aliyepaswa kuamua.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo habari za familia yake na mambo yake binafsi kutofichuliwa bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya kuwa data nyeti. Hata hivyo, sheria hiyo haigusi shughuli za mtu zilizo za kibinafsi au za nyumbani tu, kwa hivyo mengi yanayotokea kati ya marafiki hayafiki kwa Kamishna wa Data. Yanabaki kwenye adabu, na hapo ndipo urafiki mwingi huvunjikia.

Kwa biashara na taasisi mambo ni tofauti. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ukumbi mmoja wa burudani ulitozwa Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuombwa ruhusa. Mwenye saluni au hoteli ndogo anayepiga wateja picha za kutangaza biashara ana la kujifunza hapo.

Kuna pia programu za mikopo ya simu. Ukiiruhusu programu isome orodha ya nambari zako, umetoa nambari za watu ambao hawakukopa chochote. Wakenya wengi wamewahi kupigiwa simu kuhusu deni la rafiki, na aibu ya simu hiyo humkaa mdeni kuliko deni lenyewe. Kanuni za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kuwasumbua watu walio kwenye simu ya mteja. Kabla ya kubonyeza "Ruhusu", soma kinachoombwa.

Kwenye WhatsApp, fungua Mipangilio, kisha Faragha, uchague ni nani anayeweza kukuingiza kwenye makundi, kwa maana kila mwanakundi huweza kuona nambari yako. Na usitegemee kufuta ujumbe: nakala iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye simu ya mwingine haifutiki.

Aliyedhulumiwa na kampuni, shule au taasisi anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data kwa maandishi au kwa mdomo. Sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Hifadhi ushahidi kwanza: picha ya skrini, tarehe, na jina la ukurasa.

Zoezi la nyumbani: pitia picha kumi za mwisho ulizotuma. Ni wangapi walio ndani yake uliowauliza?