Mkono Ukiwa Mfupi: Leza na Macho Baada ya Miaka 40

Mama anachambua mchele, mawe yanampita. Uzi hauingii kwenye sindano mpaka aitwe mjukuu. Baba naye anausogeza ujumbe wa simu mbali na uso, anausogeza tena, mpaka mkono unaisha.

Si ugonjwa huo, wala simu haina kosa. Nyuma ya mboni kuna lenzi laini inayobadilika umbo kila tunapotazama kitu cha karibu. Kuanzia miaka 40 hivi tunaona athari za kukakamaa kwake, na hali huzidi mpaka tunapokaribia 65. Kitaalamu huitwa presibiopia. Utafiti wa Kongwa, mkoani Dodoma, uliochapishwa 2006, ulikuta zaidi ya watu 6 katika kila 10 wenye miaka 40 na kuendelea wanayo.

Je, leza haiwezi kuimaliza? Inasaidia baadhi ya watu, ila ijulikane inafanya nini. Leza haiigusi lenzi iliyokakamaa. Inachonga konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Unawekewa matone ya ganzi, ukiwa macho kabisa. Daktari anakata tabaka jembamba la juu, analifunua kama ukurasa wa kitabu, leza inachonga chini yake kwa sekunde chache, kisha tabaka linarudishwa bila mshono.

Mara nyingi jicho moja huachwa lione mbali, la pili likachongwa lione karibu, na ubongo ukajifunza kulifuata linalohitajika. Wengi huzoea. Wasiozoea hulalamika hasa wanapoendesha gari usiku, au wanapopima umbali, kama fundi aliye juu ya ngazi. Kwa hiyo omba kwanza kujaribiwa kwa lenzi za kuvaa juu ya jicho, siku kadhaa za kazi zako za kawaida. Daktari akikataa, muulize sababu, na usilipe siku hiyo.

Kuna watu hujikuta pabaya kwa kutoulizwa swali moja: wale wenye miwani ya mbali ambao huivua ili wasome. Hao tayari wana jicho la karibu! Wakichongwa macho yote mawili waone mbali, kusoma ndiko kutakakowashinda.

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye macho makavu sana au konea nyembamba, hashauriwi kufanyiwa. Baada ya upasuaji macho hukauka kwa wiki au miezi, na taa za usiku huweza kuonekana zimezungukwa na duara la mwanga. Usifikiche jicho, acha wanja kwa muda atakaosema daktari, kaa mbali na moshi wa kuni. Ukipata maumivu makali au uoni ukipungua ghafla, rudi siku hiyo hiyo. Na lenzi ya ndani inaendelea kuzeeka: miwani yaweza kurudi, na mtoto wa jicho hazuiliwi na leza.

Kwa maoni yetu, nyumba nyingi zianze na miwani ya kusomea. Huko Assam, India, wachuma chai waliopewa miwani hiyo waliongeza mavuno yao kwa takriban asilimia 22 kuliko wenzao wasiopewa, kwa utafiti wa 2018. Wanaosema miwani huharibu macho wamekosea. Namba ya miwani hupanda kwa sababu lenzi inazeeka, uivae usiivae.

Hata ukiinunua barabarani, nenda upimwe macho angalau mara moja, kwa kuwa presha ya macho huiba uoni bila kuuma. Siku hiyo beba kazi yako mkononi, kitambaa au msahafu au daftari la duka, umwonyeshe mpimaji unaishika umbali gani. Fundi cherehani na msomaji hawahitaji namba moja.