Zulia la Mimea Katika Tangi la Samaki Darasani

Mwalimu wa Sayansi atakaye kuwaonyesha watoto jinsi viumbe hai vinavyotegemeana hupata msaada mkubwa katika tangi dogo la kioo lenye maji, mchanga, mimea na samaki wawili watatu. Lakini zana hiyo ina hatari yake. Mimea ikioza na samaki wakafa, watoto hujifunza kinyume cha tulichokusudia: kwamba Sayansi ni jambo la kitabuni, lisilowezekana shuleni kwao. Katika makala haya tutaeleza namna ya kuchagua mimea mifupi itandaayo juu ya mchanga mfano wa zulia, ambayo haihitaji utunzaji mwingi. Mifano yetu ni ya Karatu na Ngorongoro. Mwalimu wa mahali pengine ailinganishe na mazingira yake.

Kazi ya zulia

Mimea hii si pambo tu. Mizizi yake hushika mchanga usitibuke, na hufyonza chumvichumvi zitokanazo na kinyesi cha samaki. Mchana, penye mwanga, majani hutoa oksijeni. Usiku mimea nayo hutumia oksijeni kama samaki watumiavyo. Kwa hiyo hata tangi lenye mimea mingi halifai kujazwa samaki.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kuchagua

Kwanza, je, shule ina maji kiasi gani? Penye watoto wanaoteka maji mbali, ni vibaya ndoo waliyoibeba kichwani kumwagwa tangini kila siku. Tuchague mimea iridhikayo na kubadilishiwa robo ya maji kila baada ya majuma mawili, na maji yaliyotolewa yamwagiwe bustani ya mboga. Maji ya mvua au ya kisima yafaa. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa yaachwe wazi kwa siku nzima kwanza.

Pili, je, mimea yahitaji mwanga na hewa gani? Picha nyingi za mazulia mazuri zilienezwa na Mjapani Takashi Amano (1954–2015), ambaye matangi yake yalikuwa na taa kali na mtungi wa kabonidioksaidi. Mmea mmoja upendwao sana na wafugaji wa samaki wa mapambo, Hemianthus callitrichoides wa kisiwa cha Cuba, hustawi vyema kwa vifaa hivyo. Shule isiyo navyo isiutamani.

Tatu, je, mimea itastahimili baridi? Mji wa Karatu uko juu kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na maji ya tangi hupoa sana mwezi wa Juni hadi Agosti.

Nne, je, itaishi wakati wa likizo? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Mmea usioweza kukaa majuma manne pasipo mkono wa mtu si mmea wa shule.

Mimea tunayoshauri

(a) Kangaga wa majini aitwaye Marsilea. Jani lake lina vipande vinne, na shina lake hutambaa juu ya udongo likitoa mizizi. Hupatikana katika madimbwi ya msimu na katika mashamba ya mpunga, ambako huhesabiwa kuwa gugu. Hukua polepole, huridhika na mwanga wa kawaida, wala hahitaji kuongezewa hewa. Majani ya kwanza yakirefuka hadi juu ya maji, yakatwe, naye atatoa mengine mafupi.

(b) Nyasi fupi za jamii ya Eleocharis, zilizo ndugu wa ndago. Hupendeza kama uwanja wa mpira, lakini hutaka mwanga mwingi zaidi, na pasipo hewa ya ziada huchukua miezi mingi kutandaa. Aina zake nyingine hurefuka mno, kwa hiyo mwalimu achague zilizo fupi.

(c) Vimea laini viotavyo kama manyoya juu ya mawe yenye unyevu. Hivi havihitaji udongo. Mwalimu huvifunga kwa uzi juu ya jiwe. Aanze na jiwe lililokuwa chini ya maji, kwani viotavyo nchi kavu huenda vikaoza.

Kwa anayeanza, twashauri Marsilea.

Namna ya kupanda

Tandaza udongo wa shamba usio na samadi, unene wa sentimeta 2, kisha uufunike kwa mchanga uliooshwa, sentimeta 3. Gawa mmea vipande vidogo, uvipande kwa kuacha nafasi ya vidole viwili. Weka tangi karibu na dirisha, lakini lisipigwe na jua kali, maana jua likizidi mwani utafunika majani yote. Samaki wasitiwe kabla ya mwezi mmoja.

Tulipokuwa tukisimamia mazoezi ya kufundisha, tulikuta tangi moja zuri ambamo mwalimu mwanafunzi alikuwa ametia perege. Baada ya siku chache zulia lote lilikuwa likielea. Perege hula mimea, na dume huchimba shimo la kutagia mchangani. Kosa halikuwa la mmea wala la mwalimu peke yake; sisi wakufunzi hatukuwa tumemwonya. Achagueni samaki wadogo wasiochimba, wawili au watatu tu.

Tahadhari tatu

Kwanza, mtoto asitumwe kuingia majini kuchuma mimea, kwa kuwa konokono wa maji baridi huweza kueneza kichocho. Mwalimu mwenyewe amwombe mkulima wa mpunga magugu yaliyokwisha kung'olewa, avae glovu za mpira, ayaoshe, na kuyaweka ndooni majuma mawili huku akiondoa kila konokono aonekanaye.

Pili, katika Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, mimea haichumwi. Watoto wakipelekwa bondeni, wajifunze kwa macho: chemchemi ya Ngoitokitok ina maji baridi, na ziwa Magadi lililo katika bonde hilohilo lina maji ya magadi. Waulizwe kwa nini mimea ya mahali pawili hapo haifanani.

Tatu, mabaki ya mimea ya tangi yasitupwe mtoni. Magugu maji, yenye asili ya Amerika ya Kusini, yalionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na yaliziba njia za mitumbwi. Mabaki yakaushwe juani, kisha yatiwe katika shimo la mboji.

Somo la mfano

Kusudi: Mwanafunzi aweze kueleza kwamba mmea wa kijani wahitaji mwanga.

Hatua: Wanafunzi wahesabu majani katika pande mbili za tangi na kuandika. Upande mmoja wa kioo na wa juu ufunikwe kwa kitambaa cheusi majuma mawili. Kila juma kundi moja lihesabu tena na kuchora jedwali. Mwisho wajadili tofauti waliyoiona. Mwalimu asiwape jibu kabla hawajahesabu.

Hitimisho

Zulia linalokua polepole halitawashangaza wageni siku ya kwanza. Lakini mwanafunzi arudiye kutoka likizo akalikuta hai, na jani moja zaidi ya aliloandika daftarini, ameanza kuamini macho yake mwenyewe. Hilo ndilo tulilomwekea tangi.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika eneo la shule yako, ni nani awezaye kukuonyesha mimea ya majini, naye huiitaje?
2. Utapangaje zamu za utunzaji ili zisiwe mzigo kwa watoto wanaoteka maji?
3. Kama samaki mmoja akifa, utalifanyaje tukio hilo kuwa somo?