Matiti si shoti: somo la msamiati kutoka mbio za farasi za Normandie

Mwaka jana, katika zoezi la kutafsiri kutoka Kifaransa, nilipewa habari fupi juu ya mbio za farasi wanaovuta vigari. Sentensi moja ilisema kwamba farasi aliyekuwa mbele alianza «galop», akafutwa. Niliandika: «Farasi alikimbia sana, akatolewa mashindanoni.» Darasa zima lilicheka. Nani hufukuzwa mbioni kwa kosa la kukimbia?

Tuanze na jambo lenyewe. Mbio za «trot» zilianza Ufaransa mwaka 1836, mjini Cherbourg, kwa juhudi za Ephrem Houël, afisa wa idara ya serikali ya kuzalisha farasi. Leo, katika mbio nyingi za aina hiyo, farasi huvuta kigari chepesi cha magurudumu mawili, na mwendeshaji huketi nyuma ya mkia wake. Sharti kuu ni mwendo: mguu wa mbele wa kushoto huinuka pamoja na wa nyuma wa kulia, kisha jozi ya pili. Farasi akiuacha mwendo huo na kushika «galop», mwendeshaji lazima amrudishe upesi. Akishindwa, hesabu yake imekwisha hata kama amewatangulia wote.

Mbio zinazojulikana zaidi ni Prix d'Amérique, zilizoanzishwa mwaka 1920 huko Vincennes, karibu na Paris. Lakini shina la urithi huu naliona katika viwanja vidogo vya mikoani, vinavyofunguliwa siku chache tu kwa mwaka na kutunzwa na wenyeji wanaojitolea. Hapo ndipo mtoto hujifunza, akiwa ameegemea ua kando ya mkubwa wake, kutofautisha mwendo na mwendo na kuutaja kwa jina. Uwanja wa namna hiyo ukifungwa, picha na vikombe vitahifadhiwa; jicho na sikio hilo vitapotea.

Hata majina ya farasi yana sarufi yake. Wote waliozaliwa mwaka mmoja huanza na herufi moja: Bold Eagle ni wa 2011, Face Time Bourbon wa 2015. Mzoefu husoma umri katika jina.

Na sisi je? Nilidhani Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Kumbe ni sisi wa bara tusiyoyatumia: farasi ni wachache kwetu, mbung'o wakiwa sababu mojawapo. Pwani, walikozoea punda na farasi, kamusi zimehifadhi mpangilio mzima. «Kwenda matiti» ndiyo «trot» (ndiyo, neno lilelile, wacheke wanaotaka). «Kwenda shoti» ni «galop». Kuna hata «telki», mwendo wa punda wa hatua fupi za harakaharaka. Mimi nilitupa yote hayo katika kapu moja la «kukimbia», na maana ya sentensi ikafa.

Nimeiandika upya: «Farasi aliacha matiti akaenda shoti, akaondolewa.» Mwalimu ameikubali. Kilichobaki ni «sulky». Nimejaribu «kigari cha mbio», lakini mwenzangu mmoja anasema akilisikia anaona pikipiki.